Ujumbe Unaohama: Tahakiki ya Uhamishaji wa Maudhui ya Afya ya Kiswahili katika Majukwaa ya Mitandao ya Kijamii

Ikisiri

Wataalamu wa afya katika Afrika Mashariki na Kati hushauriwa kuandaa ujumbe mmoja na kuusambaza katika majukwaa mengi ya mitandao ya kijamii. Makala haya yanauhakiki ushauri huo kwa kuongozwa na Nadharia ya Skopos. Hoja kuu ni kwamba kuhamisha maudhui kutoka jukwaa moja hadi jingine ni kazi ya tafsiri, hata pale lugha inapobaki ileile, na kwamba kinachopotea njiani aghalabu ni nanga nne za ujumbe: wakati, mahali, mhusika na sharti. Mifano imetokana na ujumbe kuhusu chanjo ya Ebola nchini Uganda na katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, maelekezo ya kuandaa maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayehara, na msamiati wa afya unaobadilika maana kila unapovuka mpaka. Makala yanapendekeza kwamba nanga hizo ziwekwe ndani ya kiini cha ujumbe, na kwamba taasisi za kikanda za lugha na za afya zigawane dhamana ya kazi hiyo.

Istilahi muhimu: mawasiliano ya afya, mitandao ya kijamii, tafsiri, Skopos, lahaja za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Ushauri wanaopewa wataalamu wa afya wanaoingia katika mitandao ya kijamii unafanana karibu kila mahali: andika mara moja, tumia mara nyingi. Mada ya semina hufupishwa ikawa chapisho la X. Chapisho hugeuzwa bango la picha kwa ajili ya Facebook na Instagram. Bango husomwa mbele ya kamera likawa video fupi ya TikTok, kisha sauti ya video hiyo hukatwa na kutumwa katika vikundi vya WhatsApp. Ushauri huu una mantiki. Mganga mkuu wa wilaya au muuguzi wa kituo cha afya hana muda wa kutunga ujumbe mpya kwa kila jukwaa, na elimu ya afya hukaa akilini kwa kurudiwarudiwa. Hakuna sababu ya kuukataa wote.

Kasoro yake imo katika jambo usilolisema. Ushauri huu huuona ujumbe kama mwili mmoja unaobadilishiwa nguo kulingana na mahali unapokwenda. Kwa mtazamo huo, maswali ya uhamishaji yanabaki kuwa ya kiufundi tu: herufi ngapi, sekunde ngapi, picha ya ukubwa gani. Swali la kama sentensi iliyokuwa kweli katika bango la hospitali inabaki kuwa kweli katika simu ya mtu aliye nchi ya pili, miezi saba baadaye, haliulizwi.

Kwa Kiswahili swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikiidhinisha kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya mwaka 2021, na mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya hiyo. Mwaka huohuo baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi. Mafanikio haya yamesherehekewa, na kwa haki. Yana upande mwingine, hata hivyo: ujumbe wa afya ulioandikwa kwa Kiswahili hauna tena nchi moja. Ukitungwa Mwanza unasomeka Bujumbura; ukisemwa Beni unasikika Kasese. Tahakiki hii inachunguza kinachoupata ujumbe wa namna hiyo unapohama jukwaa na kuhama nchi kwa wakati mmoja.

2.0 Uhamishaji kama Tafsiri

Jakobson (1959) aligawa tafsiri katika aina tatu: tafsiri ndani ya lugha moja, tafsiri baina ya lugha mbili, na tafsiri kutoka mfumo mmoja wa ishara hadi mwingine. Muuguzi anayefupisha waraka wa kurasa nne ukawa chapisho moja anafanya tafsiri ya aina ya kwanza. Anapoligeuza chapisho hilo kuwa picha, kisha picha kuwa sauti, anafanya ya tatu. Ikiwa wasikilizaji wake wako ng'ambo ya mpaka, ambako Kiswahili kina msamiati tofauti, anakaribia kufanya aina zote tatu pasipo kujua kwamba anafasiri.

Nadharia ya Skopos, iliyoasisiwa na Vermeer mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuendelezwa na Reiss na Vermeer (1984), inashikilia kwamba tafsiri huongozwa na lengo lake kwa hadhira lengwa. Nadharia hii imezoeleka katika taaluma ya tafsiri ya Kiswahili na inafaa hapa kwa sababu inamruhusu mfasiri kupunguza, kuongeza na kupanga upya, mradi lengo litimie. Mtaalamu wa afya anahitaji uhuru huo.

Pamoja na hayo, Skopos ina pengo mbele ya mitandao ya kijamii. Inadhani kwamba mfasiri anaijua hadhira yake. Katika WhatsApp, anayetuma anaijua hadhira ya kwanza tu. Alama ya kampuni hiyo inayoonyesha kwamba ujumbe umesambazwa, iliyoanza kutumika mwaka 2018, humwambia mpokeaji kwamba ujumbe umesafiri. Haimwambii umetoka kwa nani, lini wala wapi. Kwa hiyo mtaalamu wa afya anapaswa kuwa na malengo mawili: moja kwa hadhira aliyoikusudia, na jingine la kuikinga hadhira ambayo hakuikusudia. Lengo la pili ndilo linalokosekana katika miongozo mingi.

Uzito wake unaonekana katika maneno madogo kabisa ya lugha. Sasa, leo, hapa, kwetu, wilaya yetu: haya ni maneno ambayo maana yake hukamilishwa na mazingira ya usemi. Yaliyobandikwa ukutani hospitalini hukamilishwa na ukuta. Yaliyosemwa redioni hukamilishwa na saa ya kipindi. Ujumbe unapokatwa na kupelekwa kwingine, maneno hayo hayafutiki. Yanabaki, na kila msikilizaji huyajaza kwa sasa yake na hapa pake.

3.0 Wakati na Mahali: Chanjo ya Ebola

Ichukuliwe sentensi fupi ya mfano: "Kwa sasa hakuna chanjo ya Ebola." Wakati wa mlipuko wa Afrika Magharibi mwaka 2014, sentensi hii ilikuwa ya kweli, kwani hapakuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Mlipuko ulipotangazwa katika jimbo la Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, haikumfaa tena mtu wa Beni au Mangina. Ndani ya mwezi huohuo, chanjo dhidi ya kirusi cha aina ya Zaire ilianza kutolewa kwa waliokutana na wagonjwa na kwa wahudumu wa afya. Novemba 2018 Uganda nayo ilianza kuwachanja wahudumu wake wa mstari wa mbele katika maeneo ya mpakani. Agosti 2019, matokeo ya majaribio ya tiba yaliyofanyika Kongo yalionyesha kwamba dawa mbili za kingamwili zilipunguza vifo, hasa kwa wagonjwa waliowahi kufika kituoni. Kuanzia hapo hata kauli kwamba Ebola haina tiba ikawa imepitwa na wakati. Zaidi ya hayo ilikuwa na madhara, kwa kuwa mgonjwa anayeamini kwamba tiba haipo hana sababu ya kwenda kituoni mapema.

Tarehe 20 Septemba 2022 Uganda ilitangaza mlipuko katika wilaya ya Mubende. Safari hii kirusi kilikuwa cha aina ya Sudan, ambacho hakikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Sentensi ya mwaka 2014 ikarudi kuwa kweli, huku ile ya Kivu ya mwaka 2018, "Chanjo ya Ebola ipo, jitokeze," ikiwa si kweli kwa wakazi wa Mubende. Aina hiyohiyo ya kirusi ilipozuka tena Kampala mwishoni mwa Januari 2025, jaribio la chanjo dhidi yake lilianza siku chache baadaye, tarehe 3 Februari. Ikapatikana sentensi ya tatu: chanjo ipo, lakini bado inajaribiwa.

Mkazi wa Kasese ambaye ana ndugu Beni anaweza kuwa na sentensi zote tatu katika simu moja. Hakuna hata moja iliyotungwa na mzushi. Kila moja ilitolewa kwa nia njema na ilikuwa sahihi mahali pake na siku yake. Akizilinganisha, hata hivyo, anaona watu wa afya wanaojikana wenyewe. Katika mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, uliodumu hadi Juni 2020 na kuua zaidi ya watu 2,200, mashaka ya wananchi dhidi ya timu za afya yalifikia hatua ya vituo kushambuliwa. Mashaka hayo yalikuwa na mizizi mirefu kuliko mawasiliano: vita vya miaka mingi, na kuahirishwa kwa uchaguzi wa Desemba 2018 huko Beni na Butembo kwa hoja ya Ebola na usalama. Lakini palipo na mashaka ya namna hiyo, kauli mbili za wataalamu zinazopingana haziwi kosa dogo. Zinakuwa ushahidi mikononi mwa anayetaka kukataa.

Utetezi wa kawaida ni kwamba jukwaa ni finyu. Utetezi huo hausimami. X imeruhusu herufi 280 tangu mwaka 2017, na sentensi hizi zinatosha humo bila kubanwa: "Septemba 2022, Uganda: Ebola iliyozuka Mubende ni aina ya Sudan. Chanjo iliyotolewa Kivu mwaka 2018 ni ya aina ya Zaire. Haijathibitishwa kukinga aina hii." Herufi zake, pamoja na nafasi, hazifiki 200. Tarehe na mahali vimo ndani ya maneno yenyewe, havikuachiwa jukwaa. Anayekata, kunakili au kusoma kwa sauti anavibeba apende asipende.

4.0 Sharti: Maji ya Chumvi na Sukari

Mfano wa pili ni wa kila siku, na kwa sababu hiyo unagusa watoto wengi zaidi. Pale pakiti za ORS zinapokosekana, maelekezo yanayojulikana ya kuandaa maji ya kumpa mtoto anayehara ni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1 ya maji safi. Vijiko hivyo vinapaswa kusawazishwa, visiwe na kichuguu. Katika bango zuri, jambo hilo huonyeshwa kwa mchoro: kisu kinapita juu ya kijiko. Picha imebeba sharti, na maneno hayalirudii.

Bango hilo linapogeuzwa ujumbe wa sauti, anayesoma husoma maneno. Kisu hakisomeki. Msikilizaji anabaki na idadi ya vijiko bila kujua namna ya kuvijaza, na chumvi ikizidi, maji yaliyokusudiwa kumwokoa mtoto yanaweza kumdhuru. Hapa hapakuwa na ufupishaji wowote: kila neno lililoandikwa limesomwa. Sharti limepotea kwa sababu lilikuwa katika mfumo mwingine wa ishara, na aliyehamisha hakufasiri bali alinakili.

Pakiti zenyewe zina mtego wake. ORS hufungashwa kwa ujazo tofauti: zipo pakiti za lita 1, na zipo ndogo za nusu lita au pungufu. Agizo la "pakiti moja katika lita moja" ni sahihi panapouzwa pakiti za lita 1. Likivuka mpaka hadi panapouzwa pakiti ndogo, mtoto atapewa maji yaliyopwaya. Kinyume chake ni hatari zaidi, maana pakiti kubwa katika nusu lita huwa kali kupita kiasi. Agizo linaloweza kusafiri salama ni lile linalomrudisha mama kwenye pakiti aliyoishika: "Soma kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti yako, tumia hichohicho."

Kiswahili kinampa mtaalamu nyenzo ambayo haitumiki ipasavyo. Kiambishi -ki- hubeba sharti ndani ya kitenzi chenyewe. "Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea kumnywesha polepole" ni agizo kamili. Neno la kwanza pekee lina mtendaji, tendo na sharti. Hata hivyo, mabango mengi ya mfululizo hutenganisha agizo na sharti: picha ya kwanza inasema mpe maji, ya pili inaeleza akitapika, ya tatu inataja dalili za hatari kama macho kudidimia na kushindwa kunywa. Mpangilio huo unapendeza machoni, lakini anayehifadhi picha ya kwanza peke yake anaondoka na agizo lisilo na mpaka. Lugha ilikuwa tayari kushikanisha viwili hivyo, na mpangilio ukavitenganisha.

5.0 Mhusika: Nani Anaambiwa, kwa Kiswahili cha Wapi

Kitenzi cha kuamuru kina udhaifu wake pia. "Mpe" haionyeshi anayeambiwa ni nani. Katika kikundi cha wauguzi, "mpe" ni agizo kwa mtu mwenye mafunzo, mizani na chumba cha uangalizi. Likipigwa picha na kutumwa katika kikundi cha ukoo, "mpe" ileile inakuwa agizo kwa shangazi aliye nyumbani. Jedwali la dozi lililoandaliwa kwa wataalamu halina budi kuanza kwa kumtaja mhusika wake ndani ya jedwali lenyewe, si katika maelezo yaliyo chini yake.

Hata miongoni mwa wataalamu, maudhui yanayorejeshwa hewani kila mwaka huchacha. Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa mseto ya artemether na lumefantrine kwa malaria isiyo kali katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, ambako kwa muda mrefu kwinini ndiyo iliyotangulizwa. Bango la mafunzo la kabla ya hapo linaweza kuchapishwa upya kila Siku ya Malaria Duniani kwa sababu tu picha yake ni nzuri. Uzuri wa picha hauna tarehe ya mwisho wa matumizi. Ushauri ulio ndani yake unayo.

Msamiati unazidisha tatizo. Nchini Tanzania, mganga mkuu wa mkoa ni daktari mwenye cheo serikalini, na katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo munganga ni daktari. Kwa msikilizaji wa Nairobi, mganga ni wa kienyeji kwanza. Agizo la kumwona mganga linaweza, kwa kuvuka mpaka tu, kumpeleka mgonjwa kusikokusudiwa. Neno homa kwa Watanzania ni joto la mwili kupanda; kwa Wakenya wengi ni mafua. Ujumbe unaotaja homa kuwa dalili ya kwanza ya Ebola au malaria unasikika kwa uzito tofauti katika miji hiyo miwili.

Mlipuko wa mpox ulionyesha yote haya kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani liliukubali ugonjwa huo kwa jina la mpox Novemba 2022, na tarehe 14 Agosti 2024 likautangaza kuwa dharura ya afya ya umma kimataifa baada ya aina mpya ya kirusi kuenea kutoka Kivu Kusini hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Katika Kiswahili uliitwa mpox, ndui ya nyani na homa ya nyani. Jina la mwisho lina makosa mawili kwa msikilizaji wa kawaida: linamtazamisha kwenye homa ilhali alama inayotambulisha ugonjwa ni vipele, na linamtazamisha kwenye nyani ilhali huko Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu, maambukizi yalikuwa ya mtu na mtu, yakiwemo ya kujamiiana. Aliyeambiwa ajihadhari na nyani hakuambiwa ajihadhari na kilichokuwa karibu naye. Kila akaunti iliyochukua bango la jirani bila kulihariri ilihamisha pia jina lake.

6.0 Hoja Pinzani

Inaweza kudaiwa kwamba tahakiki hii inawaandama wasio na hatia. Hatari kubwa ya mitandao, hoja hiyo inasema, ni uzushi, na mtaalamu anayehamisha ujumbe wa kweli, hata ukiwa na upungufu, anapunguza nafasi ya uwongo. Kumtwika masharti zaidi ni kumnyamazisha.

Sehemu ya hoja hii ni ya kweli: mtaalamu akinyamaza, wengine watasema. Lakini uzushi na ukweli uliokatwa havikai mbalimbali. Waswahili husema lisemwalo lipo. Mzushi hodari huanza na kauli halisi ya mtaalamu iliyopoteza tarehe yake, kisha huiweka kando ya kauli ya leo. Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilipopanua ushauri wake kuhusu barakoa kwa umma, kauli za awali hazikufutika kwenye simu za watu, na zilitumika kuonyesha kwamba wataalamu hawajui wanachosema. Kubadilika kwa ushauri ni dalili ya sayansi inayofanya kazi. Ushauri usio na tarehe unakufanya kubadilika huko kuonekane kama kigeugeu. Sera zinazotenga fedha kwa ajili ya kukanusha uzushi na kuacha kutunza kauli za wizara zenyewe zinafunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhamishaji wa maudhui utaendelea, na unapaswa kuendelea. Kinachohitajika ni kuukubali kuwa tafsiri na kumpa anayeufanya kanuni chache zinazotekelezeka.

Kwanza, kila ujumbe uwe na kiini kisichogawanyika: agizo, sharti, tarehe na mahali viwe katika sentensi moja au mbili zinazofuatana, ndani ya picha au ndani ya sauti. Pili, utungaji uanze na sauti badala ya bango. Ujumbe uliotimia kwa sikio unaweza kuongezewa picha bila hasara. Bango lililotimia kwa jicho mara nyingi hupungukiwa linaposomwa. Tatu, kila taasisi inayochapisha iwe na mtu mwenye dhamana ya kuondoa na kusahihisha, na orodha ya maudhui yake yenye tarehe za kupitiwa upya. Kuchapisha bila dhamana hiyo ni nusu ya kazi.

Nne, suala la msamiati haliwezi kumalizwa na wizara moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Kamisheni ya Kiswahili, yenye makao Zanzibar, na Kamisheni ya Utafiti wa Afya, yenye makao Bujumbura. Orodha fupi ya maneno ya hatari, yaani yale ambayo tofauti ya maana yake inaweza kumpeleka mgonjwa pasipofaa, ingekuwa kazi ya halali ya kamisheni hizo mbili kwa pamoja. Orodha hiyo haina haja ya kusanifisha Kiswahili cha Bunia kifanane na cha Unguja. Inatosha imwonye muuguzi kwamba homa, mganga na nyani ni maneno yasiyovuka mpaka peke yake, na kwamba yakivuka sharti yasindikizwe na maelezo.

Kiswahili kimepewa hadhi ya lugha ya kanda kwa maazimio. Hadhi hiyo itapimwa pia kwenye simu ya mama wa Kasese anayesikiliza ujumbe uliotoka Beni akiwa na mtoto mgonjwa mkononi. Ikiwa ujumbe huo unamwambia ni wa lini, wa wapi, unamhusu nani na kwa sharti gani, lugha itakuwa imefanya kazi yake.